Usafi wa Meno: Gego la Mwaka wa Sita

Mtoto wa miaka saba na nusu aletwa kwa daktari wa meno. Shavu lake la kushoto limevimba, na kwa siku mbili hakulala wala hakula ila uji wa vuguvugu. Daktari amfungua kinywa, atazama, naye aona gego moja la chini limetoboka mpaka ndani kabisa.

"Mama, jino hili lilianza kumsumbua lini?"

"Tangu mwezi uliopita, daktari. Lakini nilijua si kitu, maana ni jino la utoto. Nilimwambia avumilie, litang'oka lenyewe na jingine litaota."

Hapo daktari hana budi kumweleza mama huyo jambo zito. Jino lile si la utoto. Ni jino la ukubwani, limeota mwaka mmoja na nusu tu uliopita, na likitolewa leo hakuna jingine litakaloota mahali pake. Mtoto huyu wa miaka saba atatafuna bila gego lile mpaka uzee wake.

Mazungumzo ya namna hii hurudiwa mara nyingi mbele ya madaktari wa meno, na aghalabu mzazi anayeyasikia si mzembe. Amemlisha mtoto wake vizuri, amempeleka kuchanjwa, na pengine amemnunulia mswaki. Ila hakuna aliyemweleza kwamba gego hili huota kwa siri.

Mtoto huota meno ya kwanza apatapo umri wa karibu miezi sita, na kabla ya kutimiza miaka mitatu huwa na meno 20: manane ya mbele, chonge nne, na magego manane. Haya ndiyo meno ya utoto. Mtu mzima huwa na meno 32, yakihesabiwa yale ya mwisho kabisa ambayo wengine hawayapati kamwe. Katika mwaka wa sita meno ya mbele huanza kulegea. Mtoto hulitikisa jino kwa ulimi siku nzima, wenzake humcheka kwa pengo lake, na mahali pengi hulirusha jino hilo juu ya paa akiomba apewe jipya. Nyumba nzima hutazama meno ya mbele. Kumbe wakati huo huo, nyuma kabisa ya magego ya utoto, mahali ambapo hapakuwa na jino lolote, ufizi unapasuka na gego jipya latoka. Hakuna jino lililong'oka ili kulipisha, wala mtoto haoni pengo. Kwa hiyo mzazi akitazama kinywani na kuona magego yamepangana huyahesabu yote kuwa ya utoto.

Magego haya ni manne, mawili juu na mawili chini, moja kila upande. Ni rahisi kuyatambua. Mtu aanze kuhesabu kutoka katikati ya meno ya mbele akielekea nyuma: la kwanza, la pili, kisha chonge, kisha magego mawili, na lile la sita ndilo lenyewe. Katika kinywa cha mtoto wa miaka sita au saba ndilo la mwisho, nalo ni kubwa kuliko yote. Kazi kubwa ya kutafuna mahindi ya kuchoma, nyama na muhogo itakuwa juu yake kwa miaka 60 au 70 ijayo.

Basi, kwa nini gego kubwa namna hii huoza upesi hivi? Sababu ya kwanza ni kwamba halipandi kwa siku moja. Kutoka siku linapochungulia katika ufizi mpaka siku linapokutana na mwenzake wa upande wa pili, mara nyingi hupita mwaka mzima na zaidi. Muda wote huo uso wake uko chini kuliko uso wa meno ya jirani. Mtoto akisukuma mswaki mbele na nyuma, kama wafanyavyo watoto wote, nyuzi za mswaki hupita juu ya magego ya utoto na kuliruka lile jipya, kama vile jembe lipitavyo juu ya shimo bila kugusa chini yake. Sababu ya pili ni kwamba uso wa gego hili una mifereji myembamba na mirefu kwenda chini, ambamo makombo hukwama. Tena gamba lake la nje bado ni changa na halijapata ugumu wake wote. Mtoto anaweza kupiga mswaki kila siku, naye mzazi akaridhika, na hali gego moja halijaguswa hata mara moja.

Katika nchi nyingi watu wamesadiki tangu kale kwamba jino hutobolewa na mdudu kama vile bungo atobolavyo mbao. Hata huko Ulaya imani hiyo ilidumu kwa mamia ya miaka, na walikuwako wadanganyifu waliochoma mbegu za mmea fulani karibu na kinywa cha mgonjwa, kisha wakamwonyesha vitu vidogo vyeupe vilivyotoka katika mbegu zenyewe na kumwambia kuwa ndio funza wa jino lake. Jambo hili lina madhara mpaka leo, kwa sababu mtu anayemwogopa funza hutafuta moshi na dawa za kumtoa, lakini hatafuti mswaki.

Mtu aliyeeleza vizuri jinsi jino linavyooza alikuwa Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi mjini Berlin. Alichukua meno yaliyokwisha kung'olewa akayaweka katika mate pamoja na mkate, na mengine akayaweka katika mate pamoja na nyama. Yale ya mkate yakalainika, na yale ya nyama yakabaki magumu. Kwa majaribio kama hayo akathibitisha, katika kitabu alichokitoa mwaka 1890, kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huishi katika kila kinywa, hula sukari na wanga na kutoa tindikali. Tindikali hiyo ndiyo iyeyushayo gamba la jino.

Vijidudu hivyo hukaa ndani ya ukoga, yaani ule utando laini unaohisiwa kwa ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Ukoga hushika jino kwa nguvu, wala hautoki kwa kusukutua maji peke yake. Kila mtu anapokula kitu kitamu, tindikali huanza kutoka baada ya dakika chache tu. Lakini mwili nao una ulinzi wake. Mate huizimua tindikali polepole, na baada ya nusu saa hivi, pengine zaidi, hali ya kinywa hurudi kama ilivyokuwa, hata chembe za madini zilizotoka katika gamba la jino huanza kurudishwa. Hivyo jino huvunjwa na kujengwa kila siku. Likipata nafasi ya kutosha ya kujengwa halitoboki.

Kutokana na hayo, idadi ya nyakati za kula vitu vitamu ni jambo kubwa kuliko wingi wake. Ukweli huu ulijulikana kwa njia isiyo nzuri. Huko Uswidi, katika hospitali ya Vipeholm karibu na mji wa Lund, wagonjwa wa akili ambao hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa walipewa peremende nyingi za kunata ili ionekane meno yao yatakuwaje. Matokeo yalitangazwa mwaka 1954, na siku hizi jaribio hilo hutajwa kama mfano wa dhuluma katika utafiti. Waliopewa sukari pamoja na chakula tu waliharibikiwa na meno kidogo. Waliokula peremende za kunata kati ya chakula na chakula waliharibikiwa sana. Kwa hiyo mtoto anayekunywa kikombe kimoja cha chai yenye sukari pamoja na chakula chake cha asubuhi ana hatari ndogo kuliko yule anayetembea na chupa ya soda akinywa funda moja kila baada ya robo saa. Wa kwanza ameyatia meno yake katika tindikali mara moja, na wa pili ameyatia asubuhi nzima. Biskuti na peremende zinazonata katika mifereji ya magego ni mbaya zaidi. Hata muwa, ijapokuwa nyuzi zake husugua meno, utamu wake ni sukari ile ile.

Wako wazee wasemao, "Sisi hatukujua dawa ya dukani, na tazama meno yetu!" Maneno yao si ya kupuuzwa. Wazee hao walikuzwa kwa ugali wa wimi na mtama, maziwa, mboga na nyama, na sukari ilikuwa kitu cha nadra. Lakini Kenya ilianza kutengeneza sukari katika kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, katika miaka ya 1920. Kisha vikaja viwanda vya Muhoroni na Chemelil katika miaka ya 1960, na Mumias mwaka 1973. Leo hakuna duka la kijijini lisilo na sukari, soda na peremende. Kinywa cha mjukuu kina kazi ambayo kinywa cha babu hakikuwa nayo.

Tena wazee hao walikuwa na mswaki wao. Neno lenyewe, ambalo sasa latumika kwa brashi ya plastiki, kwanza lilikuwa jina la kijiti na la mti kinakotoka, ule uotao katika nchi kavu za kaskazini na sehemu za pwani, ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Brashi zenye nyuzi za nailoni zilianza kuuzwa mwaka 1938 tu. Kijiti kimetumika tangu zamani sana. Mti huu una chumvi na vitu vingine vinavyopunguza vijidudu, na mtu akiutumia vizuri huondoa ukoga vizuri. Kijiti kikatwe kikiwa kibichi, unene wa kidole kidogo na urefu wa shubiri moja, ncha yake imenywe na kutafunwa mpaka iwe nyuzi laini. Nyuzi zikichoka zikatwe na ncha mpya itafunwe. Ila si kila mti unafaa. Mti wenye utomvu mweupe kama mnyaa huunguza kinywa, nao haufai kamwe. Upungufu wa kijiti ni kwamba nyuzi zake zimeelekea mbele, kwa hiyo husafisha vizuri upande wa nje wa meno ya mbele, lakini ni kazi ngumu kuufikia upande wa ndani wa magego. Na gego la mwaka wa sita liko huko huko nyuma.

Brashi ya dukani iwe na kichwa kidogo na nyuzi laini. Watu wengi hupenda ile ngumu wakidhani kwamba ndiyo isafishayo, lakini ukoga ni laini, nao hauhitaji nguvu. Nguvu nyingi hula ufizi na kuacha shina la jino wazi, ndipo mtu aanzapo kulia kila anywapo maji baridi. Mswaki ushikwe kwa vidole kama kalamu, usishikwe kwa ngumi. Nyuzi zilazwe kidogo kuelekea mahali ambapo jino na ufizi hukutana, kwa sababu ukoga hupenda kujificha hapo, kisha mswaki utikiswe kwa mwendo mfupi mfupi, meno mawili matatu kwa wakati, kabla ya kusogezwa mbele. Kila jino lina upande wa nje, upande wa ndani, na magego yana uso wa kutafunia. Mtu asipokuwa na utaratibu husahau upande wa ndani wa meno ya chini kila siku, mwaka hata mwaka. Afadhali aanze mahali pamoja daima, azunguke, na kurudi alikoanzia. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa huchukua dakika mbili hivi. Wengi hudhani wametumia dakika mbili, kumbe hazijafika hata nusu yake.

Kwa mtoto mwenye gego linalopanda, mwendo ni mwingine. Mswaki uingizwe kutoka pembeni ya mdomo, ukingamie mstari wa meno, na kichwa chake kishushwe juu ya gego lile peke yake, kisha lisuguliwe kutoka shavuni kuelekea ulimini na kurudi. Mtoto wa miaka sita hawezi kufanya hivyo mwenyewe. Mikono yake haijawa na ustadi huo mpaka atimize miaka saba au minane, hata kama anajivunia kwamba yeye ni mkubwa. Mzazi aketi juu ya kigoda, mtoto asimame akimpa mgongo na kuegemeza kichwa kifuani pake, na mzazi afungue shavu kwa kidole kimoja ili mwanga uingie. Gego likionekana nusu, na nusu nyingine bado imefunikwa na ufizi, lisafishwe vivyo hivyo, maana chini ya ukingo wa ufizi huo ndimo ukoga ukusanyikamo.

Wakati ulio bora ni usiku, baada ya chakula cha mwisho, na baada ya hapo mtoto asipewe kitu ila maji. Mtu akilala mate yake hupungua sana, na tindikali hukosa wa kuizimua. Mara ya pili ni asubuhi. Kama mtu analazimika kuchagua mara moja, kwa uchovu au kwa safari, asiache ile ya usiku. Watu wengi hufanya kinyume: husafisha meno asubuhi ili wawe na pumzi nzuri mbele za watu, na usiku huingia kitandani na mabaki ya mandazi.

Dawa ya meno iwe na floridi. Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa, kiasi kinachofaa ni sehemu 1000 hadi 1500 katika kila sehemu milioni, na hesabu hiyo mara nyingi huandikwa juu ya kasha. Floridi huingia katika gamba la jino na kulifanya lisiyeyuke kwa urahisi. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu atosheke na kiasi cha punje moja ya mchele. Kutoka miaka mitatu hadi sita, kiasi cha njegere. Picha za matangazo zinazoonyesha dawa imefunika mswaki wote ni za faida ya muuzaji. Baada ya kumaliza, povu litemwe, lakini kinywa kisisukutuliwe kwa maji mengi, kwa kuwa maji huichukua ile floridi iliyokusudiwa kubaki juu ya meno.

Walakini floridi hiyo hiyo ikizidi huleta kasoro, na wakazi wa Bonde la Ufa wanaijua vizuri kuliko wengine. Katika sehemu za Nakuru na Naivasha maji ya visima vingi hupita katika miamba ya volkeno na kuchukua floridi nyingi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa maji hayo tangu utotoni, meno yake ya ukubwani hupata rangi ya kahawia yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi. Vijana wengi wenye meno hayo huona haya kucheka, na wengine huyasugua kwa mchanga, majivu au mkaa. Hiyo ni hasara tupu. Rangi hiyo imo ndani ya gamba lenyewe, haikupakwa juu, na mchanga hautaitoa ila utalimaliza gamba. Kuyachemsha maji hakusaidii, kwani maji huondoka kwa mvuke na floridi hubaki. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa mabati huwa na floridi kidogo sana, na huko Nakuru zimetengenezwa chujio zenye mkaa wa mifupa unaoinasa. Kwa watoto wadogo wa sehemu hizo hapana budi kuhakikisha kwamba dawa ya meno yatemwa, haimezwi.

Jambo jingine huwafanya wengi waache mswaki kabisa, nalo ni damu. Mtu aona damu katika mate, adhani amejiumiza, auweka mswaki kando kwa wiki nzima, na damu yazidi. Mara nyingi ufizi hutoka damu kwa sababu ukoga umekaa ukingoni mwake siku nyingi na kuutia uvimbe. Akiendelea kuusafisha taratibu kwa brashi laini, kila siku bila kuruka, uvimbe huo kwa kawaida hupungua baada ya wiki moja au mbili. Ukoga ukiachwa hugeuka kuwa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauwezi kitu. Ni vyombo vya daktari tu viwezavyo kuukwangua. Damu isiyokoma baada ya majuma mawili ya usafi ionyeshwe hospitalini.

Kila mtu awe na mswaki wake, nao usimamishwe mahali penye hewa ukauke. Nyuzi zikitanuka na kulala ubavu, yaani baada ya miezi mitatu hivi, umekwisha kazi.

Mtoto afikiapo miaka sita na nusu, yafaa apelekwe kwa daktari wa meno hata kama haumwi na kitu. Kama gego ni zima na lina mifereji mirefu, daktari anaweza kuiziba kwa dawa ya maji inayogandishwa kwa mwanga maalum, bila sindano wala kuchimba, na makombo hayatapata tena mahali pa kukwama. Kama kuna doa jeusi au kitundu kidogo, huweza kuzibwa, na gego likabaki. Likisha kuuma usiku, mara nyingi uozo umefikia kiini chenye mishipa, na hapo kulitibu ni kazi ya gharama kubwa, hata wazazi wengi huchagua litolewe. Likitolewa, gego la nyuma yake huegemea mbele, na lile la upande wa pili, kwa kukosa mwenzake wa kukutana naye, huanza kushuka au kupanda.

Gego hilo la nyuma yake hutoka mtoto akiwa na umri wa karibu miaka 12, nalo huja kwa namna ile ile: mwisho kabisa wa kinywa, polepole, bila jino lolote kung'oka.